Debe Lisilo na Mwenyewe

Anania alikuwa na tabia ya kuiamkia mizigo. Akikuta kikapu kimeachwa kando ya njia, hakukipita tu kama watu wengine. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, akainama kama mtu anayemwamkia mkwe wake, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika: "Wewe wa nani?"

Kikapu hakikujibu. Lakini mwenye kikapu, popote alipokuwa, alijibu upesi.

"Changu, baba, changu! Ni viazi tu!"

Hapo Anania alinyooka, akagusa ukingo wa kofia yake nyekundu, akaendelea na safari yake, naye mwenye viazi akabaki akicheka na wenzake.

Alikuwa askari wa soko la Makambako, miaka michache baada ya vita vya Hitla, wakati Mwingereza alipokuwa bado anakaa boma la Njombe na bendera yake. Soko lenyewe lilikuwa uwanja wa udongo mwekundu penye njia panda, pale barabara ya Njombe inapoikuta ile kubwa ya Iringa na Mbeya. Palikuwa na banda moja la bati, mizani iliyoning'inia kwenye nguzo, benchi la wazee, na upepo. Upepo wa Makambako haukai kitako. Hupekua kila kitu, huinua kanga, huvua watu wazima kofia zao, na ukichoka hurudi kuanza upya.

Vita vilimchukua Anania akiwa kijana wa kulima ulezi kwa baba yake, vikamvusha bahari, vikamtia katika misitu ya Burma. Huko aliwekwa katika kundi la watu wanaotangulia, wanaofungua njia na kupapasa ardhi kabla wengine hawajaikanyaga. Rafiki yake wa karibu alikuwa Filbert wa Lupembe, mwenye sauti nzito ya kwaya, aliyeimba hata akifua soksi. Siku moja waliingia nyumba tupu. Juu ya meza palikuwa na kopo la sigara, jipya, linang'aa. Filbert alilipenda. Alinyoosha mkono.

Anania alisimulia hadithi hiyo mpaka kwenye mkono ulionyooshwa. Akifika hapo alinyamaza, akatafuta kazi ya kufanya, hata kama ni kukaza kamba ya kiatu ambacho hakina kamba.

Ndiyo sababu aliwafundisha watoto wa Makambako wimbo mmoja, kwa mwendo wa gwaride, nao waliuimba wakienda kisimani na wakirudi:

Usikiguse, usikizunguke,
shika mwanao, acha kapu lako,
kama wajua, sema ujualo!

Wakubwa waliuimba pia, lakini kwa kumcheka. Walimwita Bwana Bomu.

Jumapili Anania alikaa benchi la nyuma kanisani. Hilo lilikuwa benchi la waliotengwa na meza ya Bwana kwa muda, na yeye alitengwa kwa ajili ya ulanzi. Majira ya mvua, kule milimani Njombe, watu hukata ncha ya mwanzi mchanga na kuufungia chombo, mwanzi ukadondosha maji yake tone kwa tone. Asubuhi maji hayo ni matamu, hata mtoto hunywa. Yakikaa huchacha, yakapanda povu, yakamwimbisha mtu mzima nyimbo alizokwisha kuzisahau. Walutheri wa kanisa lile walikatazwa kuyanywa. Wengi walitii, wachache walijificha, na Anania, aliyekuwa ameahidiana na ulanzi tangu Burma kwamba akirudi hai watakutana, alikunywa mchana kweupe, kizingitini kwake, akimkaribisha kila apitaye. Mchungaji alipomwuliza, alisema, "Ndiyo, nimekunywa." Akaonyeshwa benchi la nyuma. Akaenda, na tangu hapo hakuhama, kwa maana kila majira ya mvua alikuwa na ungamo jipya.

Mzee wa kanisa aliyekuwa akimtazama kwa huzuni kutoka benchi la mbele aliitwa Nahumu. Nahumu huyohuyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la soko. Kwa hiyo Anania alikuwa na bosi mmoja siku saba zote za juma.

Taabu ilianza na cherehani. Fundi nguo mmoja aliacha kichwa cha cherehani kimefungwa ndani ya gunia chini ya mizani, akaenda kunywa chai. Anania aliliuliza gunia ni la nani, gunia likanyamaza. Aliligusa kwa jicho tu, akaona umbo la chuma lenye shingo. Akapuliza filimbi. Soko lote likahamishwa ng'ambo ya barabara, na dereva wa lori akatumwa na ujumbe boma la Njombe. Koplo Tarsis wa polisi alikuja akiwa amechafuka matope mpaka magotini, naye alikuwa mtu wa kupenda viatu vyake. Gunia likafunguliwa. Kichwa cha cherehani kikawatazama.

Mara ya pili ilikuwa saa ya kengele ndani ya mfuko wa mwalimu wa katekisimu, ikigonga tiki-tiki nyuma ya banda. Koplo Tarsis alikuja tena. Safari ile kengele ililia akiwa ameinama juu yake, akaanguka chali katika dimbwi.

Baraza lilikaa. Nahumu aliondoa miwani, akaipangusa, akairudisha.

"Anania," alisema, "mimi sina ugomvi nawe. Lakini boma limechoka. Mara ya tatu ukipiga filimbi na tukakuta si bomu, hiyo kofia utaivua mwenyewe na kuniwekea hapa mkononi. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Na likiwa bomu kweli?" aliuliza Letisia, mwuza chai, Mkatoliki kutoka upande wa misheni, ambaye hakuwa mjumbe wa baraza lakini birika lake lilikuwa karibu.

"Likiwa bomu kweli, mama, mimi mwenyewe nitamnunulia kofia nyingine," alisema Nahumu, na watu wakacheka.

Ema hakucheka. Ema alikuwa mke wa Anania, mwuza maharage, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na mkono mzito. Alimngoja mume miaka yote ya vita bila kujua kama anamngoja mtu au jina. Sasa alikuwa na mimba ya kwanza, na shamba lao lilikuwa kipande cha mtelemko ambacho mvua ilikipunguza kila mwaka. Bila ile kazi ya soko, Anania angepanda lori la manamba, lile lililokuwa likipita kukusanya vijana wa Ubena kwenda kukata mkonge pwani. Wote wawili walijua. Hawakulisema sana.

"Nilikungoja mara moja," Ema alimwambia jioni ile, akipepeta maharage. "Nilikuwa msichana, nilikuwa na nguvu za kungoja. Safari hii usinitegemee, Afande. Mtoto atakujua kama unavyojulikana mwezi: uko, lakini haushikiki."

"Siendi popote," alisema Anania.

"Basi uyaache makapu ya watu yapumzike."

Akajaribu. Kwa miezi kadhaa aliiamkia mizigo kwa kunong'ona tu, kama mtu anayesali hadharani akiona haya.

Jumamosi moja ya masika, jua lilichomoza kali baada ya mvua ya usiku, udongo ukafuka mvuke, na soko likajaa mapema. Lori la Njombe lilipita, likashusha abiria na magunia, likaondoka kwenda Iringa. Anania alikuwa akizunguka uwanja. Alipofika kwenye benchi la wazee, ambalo kwa wakati ule lilikuwa tupu kwa kuwa wazee walikuwa ndani ya banda wakibishana juu ya ushuru wa kuku, aliona kitu chini yake.

Kilikuwa debe la mafuta ya taa, limefungwa ndani ya blanketi kuukuu, na kamba ya katani ikalizunguka mara nyingi kuliko inavyohitajika. Blanketi lilikuwa limefunguka upande mmoja. Mdomo wa debe ulikuwa umezibwa kwa kipande cha bati, kikalehemiwa kwa risasi iliyoyeyushwa pande zote, kazi safi ya fundi.

"Wewe wa nani?" alinong'ona Anania.

"Tak," lilijibu debe.

Anania alisimama kama aliyemwagiwa maji. Akafikiri amesikia vibaya. Alitazama ubavu wa debe. Debe, kama linavyojulikana na kila mwanamke achotaye maji, lina mbavu bapa. Hili lilikuwa limetoka tumbo. Na alipokuwa akilitazama, tumbo lile likasogea kidogo tena, likasema: "Tak." Kisha, kutoka pembeni ya risasi, sauti nyembamba, kama ya nyoka anayeota ndoto: "Sssss."

Mkono wake ulikwenda kwenye filimbi, ukaishia njiani.

Aliona kofia ikivuliwa. Aliona lori la manamba. Alimwona Ema mlangoni, na mtoto asiyemjua. Cherehani, saa, na sasa nini? Debe la mafuta lililopata joto la jua? Atageuka, atakwenda upande wa kuku, atajifanya hakuona. Nani atamlaumu? Si wao wenyewe waliomwambia aache?

Ema alikuwa amekaa na maharage yake umbali wa kutupa jiwe. Alimwona mumewe amesimama na mkono umeganda hewani, akaacha maharage, akaja.

"Kuna nini?"

"Hakuna."

"Uso wako una rangi ya unga wa muhogo. Kuna nini, Anania?"

Hakumwita Afande. Anania alimwonyesha kwa kidevu. Debe likasema tak.

Ema alilitazama, akamtazama mumewe, akaweka mkono juu ya tumbo lake. "Na unangoja nini?"

"Ema, ni mara ya tatu."

"Nakuuliza, unaogopa nini? Hilo, au Nahumu?"

Anania alitazama upande wa banda.

"Kama ni Nahumu," alisema Ema, "mimi nitamshughulikia. Lakini hilo silijui. Puliza bwana, kabla sijajifungulia hapahapa."

Akapuliza.

Lo, kelele zile! Soko lilipasuka kwa kicheko kabla halijasogea hata hatua moja. "Bwana Bomu ameamka!" "Safari hii ni nini, sufuria?" "Anania, hebu njoo na hapa, kuna malenge linanitazama vibaya!" Lakini watoto, waliokuwa na wimbo, walianza kuuimba na kukimbia, na mama zao wakalazimika kuwafuata watoto, na baba zao wakaona si vizuri kubaki na kuku peke yao. Ndivyo soko lilivyohama, nusu kwa utii na nusu kwa aibu.

"Si nyuma ya banda!" alipaaza sauti Anania. "Bati huruka! Vukeni barabara, nyuma ya tuta! Wewe mama, acha kapu, shika mtoto! Kapu lina mama mwingine? Halina! Basi litakungoja!"

"Na chai yangu?" alilia Letisia.

"Iache!"

"Itapoa!"

"Na wewe je, ukipoa?"

Letisia aliacha birika, lakini akachukua kikombe.

Dereva wa lori jingine, lililokuwa likielekea Njombe, alipewa ujumbe wa boma. Aliupokea kwa tabasamu pana. "Nimwambie Koplo Tarsis avae viatu vipi?"

Wote walipokuwa nyuma ya tuta, Anania alipanda juu yake, akauliza kwa sauti ya gwaride: "Chini ya benchi la wazee kuna debe, ndani ya blanketi la kahawia! Nani mwenyewe? Aseme sasa! Hapigwi mtu, hafungwi mtu! Aseme tu kilichomo!"

Watu walitazamana. Hakuna aliyesema.

Nahumu alikuwa ametoka bandani wa mwisho, na kwa mtu wa makamo yake alikuwa akitoka jasho jingi katika upepo ule. "Anania," alisema, "huo ni mzigo tu. Mzigo wa mtu. Acha niutoe mimi, niuweke nyuma ya banda, watu waendelee na biashara."

Na kweli akaanza kuvuka barabara kurudi. Anania alishuka tuta kwa mruko mmoja, akasimama mbele yake, akapanua mikono.

"Huendi, mzee."

"Unanizuia mimi?"

"Ningemzuia na askofu."

Wapo waliosema baadaye kwamba hapo ndipo walipoacha kucheka, si kwa kuogopa debe, bali kwa kuogopa jinsi Anania alivyosimama. Hakuwa mtu wa soko tena. Alisimama kama mtu aliyewahi kuona mkono ukinyooshwa akachelewa kuushika.

Nahumu akarudi nyuma ya tuta.

Ndipo Anania akaenda peke yake. Alizunguka mbali, akatambaa hatua za mwisho kwa tumbo, nyuma ya gogo la nguzo ya mizani, udongo mwekundu ukimwingia shingoni. Alitaka kuona tu, bila kugusa: kuna waya, kuna saa, kuna maandishi? Upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwa watu kuelekea kwenye debe. Akiwa gogoni alikuwa bado upande upepo unakotoka, hakunusa kitu. Akasogea kidogo upande upepo unakokwenda. Na pale, pamoja na ile sauti ya sssss, ikamjia harufu.

Ilikuwa harufu ya kizingiti chake mwenyewe. Ya mwanzi uliokatwa, ya utamu unaogeuka ukali, ya mvua ya Njombe.

Anania aliweka paji la uso juu ya udongo, akacheka kimyakimya mpaka mgongo ukamtikisika. Kule nyuma ya tuta watu waliona mgongo ukitikisika wakasema, "Maskini, analia."

Kila mtoto wa Ubena anajua kwamba ulanzi hauzibwi. Chombo chake huachwa wazi, au hufunikwa kwa majani, kwa kuwa ulanzi unapumua, na ukinyimwa pumzi utaitafuta. Nani basi, katika nchi yote hii, angeuzibia ndani ya debe na kulehemu kwa risasi? Ni mtu mmoja tu: yule anayeogopa harufu kuliko anavyoogopa kitu chenyewe. Mtu asiyetaka abiria mwenzake, wala utingo, wala mke wake, ajue amebeba nini. Anania aligeuza kichwa, akaliona tuta, na juu ya tuta akaona vioo viwili vya miwani viking'aa, vikimtazama kama mtu anayengoja hukumu.

Akarudi kama alivyokwenda, kwa tumbo. Alipofika, alimshika Nahumu mkono, akamsogeza mbali na watu.

"Mzee," alisema polepole, "uliwaambia Njombe wazibe?"

Nahumu alivua miwani. Kisha mabega yakamshuka.

"Dada yangu Yudita," alisema. "Nilimwomba kidogo tu. Tangu niwe mzee wa kanisa sijauonja, Anania. Kila mvua ikianza naota mianzi ya baba yangu. Nikamwambia, funga usinuke. Nilisema funga, sikusema... utingo alipaswa anipe mkononi. Sasa utafanyaje?"

"Sijui. Wewe ungefanyaje?"

"Ningesema ni ulanzi, watu wakarudi sokoni. Ni haki yako. Wataniuliza wa nani na..."

Anania alitazama watu. Walikuwa wengi, wamechoka kuchuchumaa, kiu imewashika. Letisia alikuwa na kikombe mkononi.

"Nikisema ni ulanzi," alisema, "unafikiri watarudi sokoni? Watarudi kwenye debe. Wote, na vikombe. Watazunguka kama nzi, na mmoja atachukua kisu atoboe. Umeliona tumbo lake?"

"Limevimba sana?"

"Linakaribia kujifungua kabla ya Ema."

Nahumu alifumba macho.

"Basi ni bomu," alisema Anania. "Mpaka litakapomaliza, ni bomu."

Akapanda tuta. "Ni bomu!" alitangaza. "Hakuna kusogea! Vichwa chini!"

"La namna gani?" alipaaza mtu.

"La hapahapa nchini!"

Wakangoja. Kungoja nako kuna uchungu wake. Jua lilipanda. Wengine walianza kunung'unika, mwanamume mmoja akasema yeye anakwenda kuchukua kuku wake na liwe liwalo, na Ema akamshika shati nyuma kwa ule mkono mzito, akakaa. Watoto waliimba wimbo mpaka wakaumaliza maana. Kuku walioachwa sokoni walianza kutembelea maharage.

Debe liliposema, halikusema tak.

Lilisema neno moja lililosikika mpaka kwa wachunga ng'ombe. Kipande cha bati kilicholehemiwa kwa risasi kiling'oka, kikapaa, kikakata kamba ya mizani, sahani yake ikaanguka kwa kishindo. Debe lenyewe lilipasuka mshono, likaruka likachana benchi la wazee katikati, pale hasa ambapo mbao zilikuwa zimelainika kwa miaka ya kukaliwa na Nahumu. Na juu ya vyote likapanda povu, jeupe, refu, likasimama hewani kama bibi harusi, kisha upepo wa Makambako ukalitwaa na kulimwaga juu ya soko lote.

Halafu upepo ukageuka.

Pua ya Letisia ndiyo ya kwanza. "Yesu na Maria," alisema. "Huu si ulanzi?"

Sitaeleza sana vicheko. Watu walikaa chini. Watu walishikana. Kuku walikwisha kuanza kunywa kwenye vidimbwi, na jogoo mmoja mwekundu alijaribu kuwika, akakosa mwisho wa wimbo, akalala. Katikati ya yote haya Koplo Tarsis alifika kwa gari la boma, viatu vimefungwa mifuko ya karatasi, akatembea kwa uangalifu mkubwa mpaka kwenye benchi lililochanika, akanusa hewa, akapiga magoti, akachovya kidole, akakilamba.

"Mkali," alisema. Kisha akasimama, uso ukawa uso wa serikali. "Mwenyekiti wa baraza! Nimetoka Njombe kwa ulanzi?"

Vicheko vikafa kimoja kimoja. Nahumu alikuja mbele. Anania alikuwa amekwisha kusimama tayari, miguu pamoja kama kwenye gwaride, na kofia nyekundu ilikuwa imevuliwa, ipo mkononi. Nyuma yake Ema alikuwa amesimama mikono kiunoni, akimtazama Nahumu kwa namna ambayo hata Koplo Tarsis alisogea kidogo.

"Ulisema mkikuta si bomu," alisema Anania. Akanyoosha mkono, akampa.

Nahumu aliipokea. Aliigeuza, akaitazama ndani, kana kwamba kuna jambo limeandikwa huko. Kisha akatazama benchi lake. Mpasuko ulipita mahali pake pa kukalia, na mbao zake zilikuwa zimesimama juu kama meno.

"Koplo," alisema, akanyooka. "Koplo, uliza kwanza debe la nani."

"La nani?"

"Langu."

Hata upepo ulionekana kusikiliza.

"La kunywa mimi mwenyewe," aliendelea Nahumu, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu aliyeamua kwamba kama ni kulowa na alowe wote. "Niliagiza, na mimi ndiye niliyesema lizibwe. Huyu aliuliza mwenyewe ni nani, mbele yenu wote, nami nikanyamaza. Alikwenda akanusa, akajua kilichomo, akajua ni la nani, na hakunitaja. Aliwaweka nyuma ya tuta mpaka mwisho. Kama angenisikiliza mimi, ningekuwa nimelibeba kifuani."

Akageuka, akamvika Anania kofia kwa mikono yake miwili. Aliivika kombo kidogo.

"Basi lilikuwa bomu au halikuwa?" aliuliza Koplo Tarsis, aliyependa mambo yaeleweke.

"Liulize benchi," alisema Ema.

Koplo alilitazama benchi kwa muda. "Nitasema lilikuwa," akasema hatimaye. "Viatu vyangu vinastahili angalau hilo."

Kwa hiyo Anania hakwenda kukata mkonge. Lori la manamba lilipita majira yale, likapita na majira mengine, naye alilipungia mkono akiwa amempakata binti yake, ambaye neno lake la kwanza, kwa mujibu wa baba yake, lilikuwa "tak", ingawa Ema alikataa. Nahumu alimnunulia kofia nyingine kama alivyoahidi, naye Anania akabaki na kofia mbili, moja ya siku za mvua.

Na Jumapili iliyofuata mlipuko ule, mchungaji alipokwisha kusikia ungamo, Nahumu alitoka benchi la mbele akatembea katikati ya kanisa mpaka nyuma kabisa. Ilikuwa safari ndefu kwa mzee. Anania alisogea kumpa nafasi.

"Karibu, mzee. Hapa pana upepo, lakini unazoea."

Nahumu alikaa. Alikuwa amebeba kifurushi cha kitambaa, mahindi ya sadaka pengine, akakiweka sakafuni katikati yao. Wimbo ukaanza. Anania aliimba ubeti mmoja, akakitazama kifurushi. Akaimba wa pili, akakitazama tena. Alikuwa akijizuia, maskini, mishipa ya shingo imemtoka.

Nahumu aliinama kidogo kwake.

"Changu," alinong'ona. "Mahindi."

Anania akashusha pumzi, akaimba.